Kwa Yaya Kapinga, Aliyecheka Mbele ya Wakwe

Yaya Kapinga mpendwa,

Tata mukubwa, kaka mkubwa wa baba yetu, amekuja kuniomba nikuache upumzike. Anasema mtu akishazikwa, mambo yake ya ujana nayo yazikwe. Nimemsikiliza kwa heshima hadi mwisho, nikamsindikiza hadi barabarani, kisha nikarudi kukaa hapa barazani nikuandikie barua ambayo kila anayetaka ataisoma. Akikasirika, akasirike. Ulikuwa dada yangu kabla hujawa marehemu wa ukoo.

Naanza na Leontine, kwa sababu ndiye aliyeanzisha yote.

Ulikuwa mwaka wako wa mwisho pale lise, shule ya sekondari ya Masista. Citoyen Mutombo, mwalimu wenu wa Kifaransa, alikuwa na nakala moja tu ya kile kitabu kwa darasa zima, mkawa mnapokezana. Ilikuwa riwaya nene ya zamani za Wazungu: Leontine, binti wa mwenye kinu cha kusagia ngano, anafiwa na baba yake, na mjomba wake anamwahidi kwa tajiri mmoja mzee ili kinu kisiuzwe. Zamu yako ilipofika ulikuwa ukikisoma jikoni, unamtafsiria mama kwa Kiswahili huku anachambua sombe. Mama hakujua Kifaransa, lakini alimchukia yule mjomba kuliko sisi sote. Aliacha majani mkononi na kuuliza, "Na ule mujomba, hana bibi wa kumukataza?"

Kisha Mapadri wakaleta filamu ya kitabu hicho, ile ya zamani isiyo na rangi, wakaionyesha katika ukumbi wa parokia. Mwaka haukuisha, na ukumbi wa kambi ya wafanyakazi wa mgodi hapa Kolwezi ukaleta nyingine, mpya, ya rangi, na mwigizaji mwingine kabisa. Majina yao yalipita haraka mno kwenye kitambaa cha sinema, hakuna aliyeyashika. Tukawabatiza wenyewe. Wa kwanza tukamwita Mama Kimya, maana hata kwenye maziko ya baba yake hakutoa sauti. Wa pili akawa Mama Machozi, na jina hilo halihitaji maelezo.

Pale bombani wasichana wa mtaa mzima wakagawanyika. Mimi nilikuwa upande wa Machozi. Nilipenda gauni lake la kijani na mikono yake ilivyotetemeka akifungua dirisha. Mbuya, jirani yetu na rafiki yako, alikuwa wa Kimya. Alisema mwenye huzuni ya kweli hana nafasi ya kupaka wanja. Tulibishana mpaka ndoo zikafurika na akina mama waliokuwa nyuma yetu wakaanza kutusukuma. Wewe ulikuwa unasikiliza tu. Siku moja ulikuja na kitabu chenyewe chini ya kwapa, ukakifungua mbele yetu kwa vidole vyenye maji.

"Bote babili banakosa," ulisema. "Muangalie hapa. Leontine anacheka."

Ulikuwa unasema ile karamu ya uchumba. Mjomba anasimama na bilauri, anatangaza ndoa mbele ya wageni, na watu wote wanamgeukia binti. Katika filamu ya kwanza Mama Kimya anainamisha macho na kutoka. Katika ile ya pili Mama Machozi anavunja bilauri na kulia. Katika kitabu Leontine anawatazama mmoja mmoja, anatambua kwamba hakuna hata mmoja wao anayeweza kumlazimisha kutamka neno ndiyo, halafu anacheka.

Mbuya alikuuliza kwa nini watengenezaji wa filamu wameuondoa mcheko huo. Jibu lako ninalo hadi leo. "Juu banaogopa. Mwanamuke akilia, batu banajua kumubembeleza. Akicheka, habajue bafanye nini."

Hapo ndipo wazo la mchezo lilipokuingia. Citoyen Mutombo alikubali mara moja. Tatizo lilikuwa mtu wa chama tawala pale mtaani, ambaye, kama ilivyokuwa amri ya wakati ule, alikataa magauni ya Kizungu na hadithi ya Wazungu. Nilijua jinsi ulivyolitamani lile gauni refu; ulikuwa umekwisha kuyapima kwa macho mapazia ya Masista. Lakini hukununa. Kinu cha ngano kikawa mashine ya kusagia mahindi karibu na soko letu, yule tajiri mzee akawa mfanyabiashara wa Dilolo mwenye malori, karamu ikawa ya bukari, ugali wetu, na samaki, na gauni likawa liputa la mama, kitenge chake kile cha zambarau. Mtu wa chama akaridhika. Kuhusu mcheko hakuuliza, kwa sababu hakujua kama upo.

Ulikuwa umechumbiwa wakati huo. Kazadi alikuwa karani katika ofisi za kampuni, kijana mpole, na simpakazi tope: yeye mwenyewe alisaidia kubeba mabenchi siku ya mchezo. Ndugu zake walikuwa wamekwisha kuleta zawadi za kwanza na tata, baba yetu, alikuwa amezipokea. Jumamosi ile alasiri walikuja wengi, shangazi yake akiwa katikati yao, katika safu ya pili.

Ukumbi ulijaa. Wanaume waliotoka zamu waliingia na vumbi lao, kofia za kazi magotini. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na sahani ya bukari, nikingoja kuiingiza kwenye karamu. Yule kijana aliyeigiza mjomba alitangaza ndoa kwa sauti kubwa, akakunyoshea mkono. Ukawatazama wageni mmoja mmoja. Uliwatazama muda mrefu hata nikadhani umesahau maneno. Kisha mcheko ukaanza chini, kama mtu anayetaka kukohoa, ukapanda, ukawa wazi kabisa, na haukuwa wa dharau wala wa wazimu. Ulicheka kama mtu aliyetua mzigo. Nyuma ya ukumbi mwanamke mmoja akacheka nawe, kisha mwingine, kisha benchi zima. Wanaume walikuwa wanatazamana. Mimi na sahani yangu tulibaki pembeni, karamu ikaendelea bila bukari.

Shangazi ya Kazadi alisimama, akafunga vizuri liputa lake, akatoka. Ndugu zake wakamfuata. Kazadi alibaki kidogo kwenye benchi, anatazama sakafu, halafu naye akatoka.

Jumatatu walikuja nyumbani. Shangazi hakupandisha sauti. Alisema hawana hasira, ila wameona msichana anayejua kuwacheka wakubwa mbele ya watu. Leo ni mchezo, kesho itakuwa nyumbani mwa mtoto wao. Walitaka uende kwao na mama kuomba msamaha, na Jumamosi iliyofuata, mchezo ukirudiwa, nafasi yako apewe mwingine. Tata, mtu aliyeendesha treni ya madini miaka yote bila kugombana na yeyote, alikuwa anasugua magoti yake. Akakuambia umesikia.

Ulikuwa umekaa mkekani. Hukubisha, hukulia. Ulisema, "Tata, samedi tunacheza tena. Ninakuomba ukuje, ukae ku mbele."

Shangazi akasema basi jambo limejijibu lenyewe. Zawadi zilirudishwa. Wiki ile tata hakusema nawe neno. Ulimwekea maji ya kuoga kila jioni, akayachukua bila kukutazama, na mimi nilikuwa nalia kitandani kama Mama Machozi wangu. Nilikusihi umwachie Mbuya, maana alikuwa anayajua maneno yote. Ukaniuliza kama Mbuya anaweza kuucheka ule mcheko. Nikasema hapana. Ukasema basi, ukarudi kupiga nguo pasi.

Jumamosi tata hakuja. Mama alikuja. Alivaa nguo zake za kanisani, akakaa mbele kabisa, peke yake kwenye benchi ambalo wengine waliliogopa. Mcheko wako ulipoanza, yeye ndiye aliyekupokea wa kwanza. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alikushika mkono na kukuambia kitu kimoja tu: "Nilikuwa naogopa utaruka pale pa kucheka."

Tangu siku hiyo pale bombani pande zikawa tatu. Kulikuwa na Kimya, kulikuwa na Machozi, na kulikuwa na Kapinga. Wapo walioshikilia kwamba mtoto wa kambi hawezi kulinganishwa na wanawake wa sinema. Mbuya alikuwa anawauliza ni wapi imeandikwa hivyo. Mimi nilitoka upande wa Machozi hadharani nikaja wako, na sijahama tena.

Najua ulicholipa kwa mcheko ule. Walikuita "ule wa kucheka". Vijana walipita mbele ya nyumba yetu wakatazama upande wa pili. Mwishowe ukachukua kazi ya ualimu Kisenge, mbali, kwenye mji ule wa machimbo ya madini ya manganizi ambako vumbi ni jeusi badala ya jekundu, nasi tukabaki na barua zako za Krismasi. Tata alipostaafu alianza kupanda treni kuja kukuona. Ulinisimulia mwenyewe kwamba safari moja, mkiwa mnakula, alikuuliza polepole ulicheka namna gani siku ile. Ukamjibu, "Ulialikwa, tata." Alicheka yeye hadi akaweka kijiko chini. Alirudi Kolwezi, akamsimulia mama, akawasimulia majirani, kwa fahari kana kwamba jibu lile alikufundisha yeye.

Na sasa nifike kwenye maziko yako, maana ndiyo yanayomfanya tata mukubwa anione mkaidi.

Walikuleta kwa treni. Watu walikuwa wengi kuliko tulivyotegemea. Tata mukubwa, kwa kuwa tata mwenyewe alikwisha kututangulia, ndiye aliyesema habari za maisha yako. Ulizaliwa, ulibatizwa, ulisoma, ulifundisha kwa uvumilivu, uliimba kwaya, na hukuolewa, alisema, kwa mapenzi ya Mungu. Alikuwa amenionya asubuhi: "Ile mambo ya théâtre, tuiache." Mimi sikuwa nimemwahidi kitu.

Nikasimama. Nilisema Mungu hana habari na ndoa ile; ilivunjwa Jumatatu, sebuleni kwetu, kwa sababu dada yangu alicheza mchezo vizuri kupita kiasi. Tata mukubwa akaanzisha wimbo ili anifunike. Watu wakaanza kumwitikia. Ndipo mama, ambaye siku hizi hasimami bila kushikwa, akainua mkono, na wimbo ukakatika. Nikamaliza. Nilisimulia yote, liputa, safu ya pili, benchi la mbele.

Nilipokaa, msichana mmoja kati ya wanafunzi wako waliokusindikiza kutoka Kisenge aliomba kusema. Akatuambia kwamba kila mwisho wa mwaka wa masomo ulikuwa unawafundisha mchezo ule ule, na wasichana wanagombania nafasi ya binti wa kinu. "Madame alikuwa anatuambia tusimuige yeye," alisema. "Kila mumoja atafute mucheko yake." Wewe hukuwahi kutuandikia habari hiyo. Mama alimwita yule msichana akae karibu naye, na hakumwachia mpaka watu walipotawanyika.

Yaya, nimekukosa kwa namna ambayo sikuitegemea. Nadhani nitalia, halafu najikuta nataka kugombana na mtu kwa ajili yako.

Na nafasi haikosekani. Mwezi uliopita mama Odia, jirani yetu mpya, aliletewa mashine ya video na mwanawe kutoka Lubumbashi, akatualika kutazama kaseti. Nilipomwona binti wa kinu nilishika mkono wa kiti. Wameitengeneza tena hadithi yetu, ndefu, yenye farasi wengi, na mwigizaji mpya mzuri sana. Pale kwenye karamu anatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. Wanawake walimsifu. Mimi nilisema huyu amekaribia kuliko wenzake, lakini ameogopa mlangoni. Mama Odia akasema hakuna mtu duniani aliyeigiza pale kumpita. Nikamwambia yupo, na nikamtajia jina lako.

"Unasema vile juu ni yaya yako," alisema.

"Nasema vile juu niliona," nikamjibu. "Weye haukuona."

Wameniita tena Jumapili hii. Wanataka niwaonyeshe ulivyofanya. Siwezi, na sitajaribu. Nitawaambia ulikuwa umevaa nini, ulisimama wapi, nani alitoka na nani alibaki. Anayetaka kubisha, aje na kitabu.

Lala, yaya. Kubishana niachie mimi.

Mdogo wako,
Ngalula