Kofi Moja Mbele ya Kamera

Tabora mjini,
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani, goti limetulia, na mikorosho yetu imeanza kutoa maua. Baba mdogo je, kikohozi kimemwachia? Mimi mzima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu uliniagiza nisikufiche kitu.

Chumba changu kiko nyuma ya duka la mzee mmoja wa Kihindi. Majirani ni watu wema, ila kila mmoja na shughuli zake. Kuna siku isiyo ya chuo nafunga mlango jioni, nakumbuka kwamba tangu asubuhi sijatamka neno zaidi ya "naomba chumvi." Siku kama hiyo kwenye shajara huandika tarehe, halafu sina la kuongeza.

Jumatano tulikwenda Kigwa kwa treni kufanya kazi ya mwisho ya mafunzo: Mwalimu Pendo, Kashindye wa Nzega anayeshika kamera, na mimi wa sauti. Mwalimu alishaniambia, sauti ikitoka safi, studio moja ya hapa mjini itanichukua niwe msaidizi. Ikiharibika, narudi nyumbani na cheti kitupu.

Tulimrekodi Bibi Nyamizi akikata viazi vitamu vya kuanika, ambavyo huku huviita michembe. Sasa Mama, picha na sauti hurekodiwa na mashine mbili. Ili baadaye zilingane, mtu hupiga kofi moja mbele ya kamera kabla ya kazi kuanza. Nikapiga. Bibi akaweka kisu chini, akapiga makofi yake taratibu, akasema, "Mwangaluka, mwanangu."

Tukaanza upya. Nikapiga, akaweka kisu, akaitikia. Mara ya tatu Mwalimu akamwambia, "Bibi, usimjali huyo, endelea na viazi."

"Nisimjali vipi? Mtoto ananisalimu, ninyamaze kama gogo?"

Kashindye alikuwa ameuma kola ya shati kwa kicheko. "Wewe mtu wa korosho! Huku makofi ndiyo shikamoo. Utasalimu mpaka viazi vioze."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Nilitaka nione mwisho wake."

Mwalimu hakucheka. Alitazama jua, kisha akanitazama mimi, nikaona studio inaniponyoka. Nikavua hedifoni, nikapiga goti, nikapiga makofi kama mtu anayesalimu kweli. "Mwangaluka, Bibi." Akafurahi. Akauliza nimeamkaje, natoka wapi, nani ananipikia. Kisha akauliza, "Na mama yako huko, hajambo?"

Mama, nilikwama. Tangu simu ya Dada Somoe itumbukie kwenye ndoo ya maji wakati wa masika, sijasikia sauti ya mtu wa kwetu. Mwishowe nikasema, "Mhola," yaani mzima, nami sijui.

Salamu zilipokwisha, Bibi alikata viazi bila kusita, akisimulia jinsi babu wa babu yake alivyobeba mizigo hadi pwani, chakula chake cha njiani michembe hiyohiyo. Kofi tulilipiga mwishoni, wakati wa kuaga, maana hata likija mwisho mashine hulingana. Akaitikia, na haikuharibu kitu.

Ijumaa studio wamenikubali. Naanza mwezi ujao, kwa hiyo korosho za mwaka huu mtaokota bila mimi. Nilitafuta wa kumwambia, nikamwambia mwenye duka. Akasema, "Hongera," akaendelea kupima sukari.

Nisalimie Dada Somoe, Baba mdogo na kikohozi chake, na Mjomba fundi cherehani. Mwambie shati alilonishonea ndilo nililovaa Kigwa.

Mashine ilikuwa bado inarekodi tulipokuwa tukisalimiana. Mwalimu amesema kipande kile hakina kazi, nikifute. Sijakifuta. Bibi anauliza habari zako, kinafuata kimya kirefu, halafu mimi najibu. Nitampelekea picha zake, naye lazima ataniuliza tena. Niandikie upesi, Mama, nikamjibu kwa kweli.

Ni mimi mwanao ninayekukumbuka,
Selemani