Matundu Matatu Begani

Salaam aleikum, Mama.

Nimepasuliwa bega mwezi uliopita, la kulia, kama lako. Naandika polepole, kiwiko kimebanwa ubavuni kama nilivyoagizwa.

Niliteleza nikishusha jerikeni la maziwa ya ngamia pale sokoni, kano la bega likachanika. Daktari wa huko Meru akasema maneno yale yale uliyoambiwa wewe: matundu madogo na kamera. Nilikubali kwa sababu tangu ufariki hakuna mwingine wa kubeba hayo maziwa. Siku ya kubadilisha bandeji nikaona matundu matatu, kila moja dogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Nikamuuliza nesi, "Kidonda chenyewe kiko wapi?" Akacheka. "Ni hicho tu, dada." Nikalia. Hakujua kwa nini.

Wewe unajua. Siku ile daktari aliongea Kiswahili, ukaniangalia nikutafsirie kwa Kiborana. Sikuwa nimeelewa, Mama. Niliona haya kumuuliza, mimi binti yako niliyemaliza kidato cha nne. Nikakuambia, "Wanataka kufungua bega waweke kamera ndani." Nilidhani inabaki humo. Ukasema, "Bega langu si mzigo wa kufunguliwa. Twende nyumbani."

Tukaenda. Miaka miwili nilikufunga mtandio kichwani kila asubuhi. Ukianza kuswali, mkono mmoja unapanda, mwingine unaishia kifuani. Kisha nimonia ikakuchukua, na mkono bado uko vile vile.

Bega halikukuua, hilo nalijua. Lakini ile miaka miwili ya maumivu, ni mimi niliyekupa?

Nilimweleza dada yako, Mama Mdogo Halima. Akasema, "Mama yako ameuza maziwa mjini miaka ishirini. Kiswahili alikielewa. Aliogopa dawa ya usingizi, asije akalala asiamke, na hakutaka ujue anaogopa." Ni kweli, Mama? Ama ananihurumia? Kama ulielewa, mbona uliniangalia mimi? Kuna siku namwamini. Kuna siku naona amelitunga tu ili nitulie nile chakula. Wiki jana mtaalamu wa mazoezi aliuinua mkono wangu taratibu hadi usawa wa bega, na haukuuma. Nikamwomba aushushe. Nilihisi nimekuibia kitu. Sijui ni hisia gani hiyo, sina jina lake.

Halafu Jumatano, nikiwa kliniki, nesi akaniomba nimtafsirie mama mmoja mkulima wa vitunguu kutoka Rapsu. Bega lake limekataa kuinuka. Nilitaka kukataa. Nilisimama kabisa niondoke, lakini mama yule akanishika nguo, akasema kwa Kiborana, "Kaa, mwanangu."

Nikakaa. Daktari alipoanza na matundu yake nikamsimamisha. "Daktari, sijaelewa. Tafadhali nichoree." Akachora. Nikauliza kamera inatoka lini. Akasema inatoka hapo hapo, kabla hawajashona. Ni nyembamba kama kalamu, Mama. Wanaangalia nayo tu. Nikamweleza mama yule kila kitu, hata habari ya dawa ya usingizi na hatari yake. Kisha akasema anaenda kuongea na wanawe kwanza. Sijui kama atarudi. Lakini ameondoka akijua anachokataa au anachokubali.

Wewe sijui uliondoka ukijua nini. Siwezi kukuuliza tena, na Mama Mdogo hana zaidi ya hayo aliyosema. Kama kosa ni langu, nisamehe. Kama si langu, basi nisamehe kwa kukudhania hukuelewa.

Mungu akulaze mahali pema, mama yangu. Nakuaga kwa leo, mkono umechoka. Ninakuahidi hili moja: yeyote atakayeniangalia nimweleze jambo, nami sijalielewa, nitamwambia sijaelewa, hata wakinicheka.

Binti yako,
Talaso