Fatwa Niliyokupachika

Yaya Ramazani, kaka yangu,

Salaam aleikum. Barua hii ikukute na afya, wewe, shemeji Umwiza na watoto, pamoja na madrasa yako pale Kasongo. Magoti yangali yanakusumbua ukikaa chini kufundisha? Sisi hapa Goma, mtaa wa Katoyi, tunaamka, tunakula, tunamshukuru Mungu. Mimi tu ndiye situlii. Nakaa, nasimama, nafagia penye nimeshafagia.

Juu ya mama, nilikuambia kwa simu kwamba alizikwa vizuri. Sikukueleza yote, na sasa lazima nieleze kabla Muzee Sefu, imamu wetu, hajakupigia.

Alikufa siku zile za vita mjini. Robine za maji zilikauka, na njia ya ziwani risasi zilikuwa zinapita, nani angeenda kuchota? Nyumbani ilibaki bidoni moja ya maji ya kunywa watoto. Nilitaka kuichukua nimwoshee mama. Mama Nsimire, ambaye tunaoshaga naye maiti za wanawake, akanikamata mkono, akasema huyu amekwisha kwenda, hawa bado wana kiu. Alisema kweli.

Basi tukataka kumfanyia tayamamu, kumtwaharisha kwa udongo pasipo maji. Muzee Sefu, akiwa nyuma ya pazia, akakataa. Alisema vitabu vya madhehebu yetu vinataka udongo wenye vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha mpaka uwanja wote ni mawe meusi ya volkano, hata chembe ya vumbi hakuna. Akasema azikwe hivyo hivyo, Mungu atasamehe. Yaya, mama yetu! Mama aliyekuwa anatawadha hata akienda tu kuuza sokoni Birere! Nikamuuliza Muzee kama Mungu aliyesema ardhi safi hakujua Goma inakaa juu ya nini. Akanijibu kwamba dini haifikiriwi na mwanamke mwenye uchungu, sisi tunafuata waliotutangulia.

Nilikasirika, nikadanganya. Nilimwambia kwamba wewe, shehe wa Kasongo, ulishanifundisha kuwa jiwe safi linatosha. Heh! Muzee akasema kama ni Shehe Ramazani, hakuna neno. Nikapiga viganja juu ya jiwe, nikampangusa mama uso. Nikapiga tena, nikampangusa mikono. Ilikuwa baridi, yaya.

Hukunifundisha kitu kama hicho. Ni akili yangu mwenyewe. Labda yuko mwanachuoni wa zamani aliyesema vile, lakini mimi sikumtafuta, nilikuwa namwangalia mama tu.

Ningefunga mdomo, lakini jambo limenikimbia. Kuna nyumba nyingine mtaani walizika vile, na Ijumaa iliyopita Muzee ameifundisha fatwa hiyo msikitini kwa jina lako. Anataka kukuuliza umeitoa kitabu gani. Mutu aliyekataa kunisikia sasa anafundisha maneno yangu, na mimi nimekaa upande wa wanawake nasikiliza kama mgeni! Nilitaka kucheka, nikalia.

Nakuomba, usinifunike kwa sababu mimi ni mudogo wako. Na vitabu usivifungue kwanza. Mufikirie mama pale chini, na jiwe, na bidoni ya watoto, ufikiri wewe mwenyewe. Ukiona nimekosea, mwambie Muzee, nami nitasimama mbele yao niseme ni mimi. Ukiona sikukosea, umwambie pia kwamba ni mimi.

Mama Nsimire anakusalimia. Wabusu watoto. Lile jiwe liko hapa mlangoni, sijaacha mutu alikalie.

Mudogo wako,
Mwamini