Eliya, Usije Kurasini

Kwako Eliya, mdogo wangu,

Sijui uko nchi gani, kwa hiyo barua hii naiacha wazi, isomwe na yeyote, huenda ikamfikia mtu anayekufahamu. Mama hasomi mambo ya kwenye simu, na wanaomjua nawaomba wanistiri. Wewe ukiipata, kaa chini kwanza, maana nina ugomvi na wewe, na nina shida ambayo hakuna mwingine wa kunitoa.

Kurasini uliyoiacha haipo. Naanza na hilo nisije nikazunguka. Unakumbuka tulivyokuwa tunaelekeza wageni? Namba ya nyumba hatukuwa nayo, jina la barabara hatukulijua. Mjomba akija kutoka Same anaambiwa ashuke kituoni, afuate ukuta wa bohari mpaka dukani kwa Bi Thureya, pale aulize kwa Mama Eliya. Basi, amefika. Bi Thureya, Mwarabu wa watu, aliyerithi lile duka kwa baba yake, alikuwa anaacha mizani na kutoka barazani kumwonyesha mgeni mlango wetu. Aliuza tende, ubani, madaftari na sukari ya kupima, na alijua nani anaumwa na nani kafeli. Akikukuta na sare saa nne asubuhi anakuuliza, "Shule imehamia huku, mwanangu?" Nawe unamjibu "Shikamoo Bi," kama vile shikamoo ni cheti cha ruhusa.

Shule yenyewe ilikuwa nyuma ya duka, na kengele yake ilikuwa rimu ya lori. Sanduku la posta la shule ndilo lilikuwa la mtaa mzima. Ijumaa kwenye paredi mwalimu mkuu anasoma majina ya familia zenye barua, mtoto wao apeleke nyumbani. Wewe uliitika "Yupo" hata kwa majina ya wengine, upate kuishika bahasha na kuitazama stempu ya nje. Ulichapwa kwa hilo si mara moja. Mimi nilidhani ni utundu tu, kumbe ulikuwa unaondoka tangu darasa la nne.

Na jioni ulibeba ndoo ya mchuzi nyuma ya mama. Baba, karani wa wakala wa forodha, alikuwa ameshafariki, na mama alitulea kwa kuwapikia madereva wa malori waliongoja mizigo wiki nzima wakilala chini ya matrela. Wazambia walitaka ugali mgumu, Wakongo walitaka pilipili nyingi na maneno mengi. Ulirudi na ndoo tupu na majina ya miji, Ndola, Kitwe, Lubumbashi, ukiyataja hata unapokula. Mama alicheka. Alisema, "Huyu atakuwa dereva." Nani angefikiria meli?

Siku uliyoondoka ulinikuta nafua uani. "Sista, mie leo nasepa," ulisema. "Jamaa wameshanipangia pa kujificha. Usimwambie mama mpaka meli itoke."

Ningepiga kelele, nusu ya mtaa ingekukamata. Badala yake niliingia ndani nikakuletea sweta langu la chuo cha ualimu na pakiti mbili za biskuti. Mama alipouliza nikasema uko Kigamboni, unamsaidia rafiki yako kujenga. Siku tatu nilisema hivyo, na siku ya nne nikajifanya kushangaa pamoja naye. Hilo hajui mpaka leo, Eliya. Mpaka leo ananihurumia mimi, eti nimeondokewa na mdogo wangu bila kuagwa.

Ulipiga simu mara moja tu, kwa Bi Thureya, kwa sababu namba ya duka ndiyo uliyoijua kichwani. Mama wa watu alitukimbilia bila viatu. "Yuko Durban, mzima, anamtaka mama yake." Tulipofika simu ilikuwa imekatika. Toka siku hiyo ni kimya, na sasa ni miaka tisa. Nina hasira na wewe mpaka nikipiga mswaki.

Kisha eneo likatakiwa kwa shughuli za bandari. Nyumba zikatiwa alama nyekundu, watu wakapata fidia wakatawanyika, huyu Pugu, yule Mbagala. Shule ilihamishwa, niliyaona madawati yakipakiwa kwenye lori, na rimu juu yake. Bi Thureya alifunga duka akaenda kwa wanawe Tanga. Aliapa kwamba namba hataibadilisha, lakini kila nikiipiga haipatikani. Kwenye uwanja wenu wa mpira wamepanga makontena mpaka yakalizidi paa la kanisa.

Sisi tulipata kiwanja Madale, nyumba ikasimama, ikapauliwa. Mama akakataa kuhama. Maji yalikatwa, umeme ukakatwa, nyumba yetu ikabaki peke yake katikati ya vifusi, naye amekaa mlangoni na upawa mkononi kama anangoja wateja.

"Nyie hameni," aliniambia. "Mie nikiondoka, mwanangu akirudi atamuuliza nani? Atakuta makontena. Makontena yatamwelekeza?"

Nilimleta mchungaji, akashindwa. Nikamleta mjumbe wa mtaa, naye akashindwa, akanivuta pembeni. "Mwalimu, Jumatatu katapila linaingia hapa. Fanya ufanyavyo, mtoe bi mkubwa."

Jumamosi nikafanya. Nilitoka nje na simu, nikarudi nikamwambia umepiga. Nikasema uko salama, utakuja karibu na Krismasi, na kwamba Madale nimekuelekeza. Hakulia. Akaingia ndani akaanza kufunga sufuria kwenye kanga, na kabla ya adhuhuri tulikuwa kwenye kigari cha kirikuu na magodoro yetu. Nakuambia ukweli, nilifurahi. Nilijiona mjanja.

Huku Madale ni vilima na upepo, nyumba nyingi bado ni matofali matupu, na majirani zetu ni wastaafu na watumishi wanaotoka alfajiri kurudi jioni. Hakuna anayejua sisi ni nani. Mama hakukubali hali hiyo. Wiki ya kwanza alishuka mlima kwa miguu, akapita kwa fundi wa mageti, kwa muuza mkaa, kwa dada wa kibanda cha kutuma pesa, kote akisema neno moja: "Akija kijana mrefu anauliza kwa Mama Eliya, mleteni kwangu." Sasa wote wanapaita kwa Mama Eliya. Wewe hawajakuona hata siku moja, lakini njia ya kwenu wanaijua. Bajaji ikipanda kilima, mama anatoka getini. Amekutandikia kitanda. Shuka anazibadilisha kila Jumamosi, ingawa hakuna aliyezilalia.

Juzi tulikuwa tunamenya viazi. Akaniuliza bila kuinua macho, "Hivi ulimwelekezaje?"

Mwongo hana kumbukumbu, na mimi sikuwa na la kukumbuka. Nikajibu haraka: ashuke Tegeta, achukue bajaji ya Madale, ampite fundi wa mageti, kwenye nguzo ya umeme iliyoegama akate kulia.

Mama akaweka kisu chini. "Kulia?"

"Ndiyo, mama."

"Kulia ni korongoni, Neema. Kwetu ni kushoto." Uso wake ulibadilika nikaogopa. "Umempoteza mtoto. Kama alishakuja akarudi?"

Nikasema nitakupigia nirekebishe. Akakataa. "Wewe umeshamkosesha njia. Jumapili tukitoka kanisani utanipigia hiyo simu unipe. Nitamwelekeza mie mwenyewe."

Tangu hapo anafanya mazoezi. Ametembea mpaka kwenye nguzo na kurudi, akahesabu mageti. Nimemkuta jikoni akisema peke yake, taratibu, "Usikate kulia, baba. Kushoto. Geti la bluu." Leo amenituma vocha, akasisitiza niweke ya kutosha kwa sababu ni nje ya nchi.

Eliya, leo ni Alhamisi. Sikuombi urudi. Kama una mke huko, watoto, kama una kesi, kama unaona aibu, hayo yako, sitakuuliza. Naomba sauti tu. Anayekujua aniandikie hapahapa, anipe namba, hata ya bosi wako, hata ya jirani. Pokea, sema "Naam, mama," mwache akuambie kushoto, kubali, kata. Nikimwambia ukweli atarudi Kurasini kukaa mbele ya ule ukuta wa makontena, namjua, na umri wake si wa kukaa juani. Na ukweli nitakaomwambia utaanzia kwenye lile sweta. Kuna sababu nyingine inayoweza kumfanya mtu anyamaze miaka tisa. Sitaiandika. Nimekuwa nikiikwepa miaka yote hii na leo pia nitaikwepa.

Mungu akutunze huko uliko, hata kama mimi nimechoka na wewe. Jumapili mama atanyoosha mkono kupokea simu, na mimi sina wa kumpa.

Ni mimi, dada yako niliyekuachia ziwa la mama.