Mitamba Mitatu ya Chuma

Bugene, Karagwe
Mwezi wa Rajabu

Kwako mama Zaina, mke wangu Mwanaidi, uliyebaki Pangani ukinishikia nyumba na jina,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. U hali gani? Kile kifua chako cha kipupwe kimetulia? Na paa la upande wa jikoni, mmepandisha makuti mapya, au bado mnahamahama na vyungu kila mvua ikinyesha? Mimi ni mzima kuanzia kichwani mpaka magotini. Habari za kutoka gotini kushuka zitafika mahali pake. Usimwambie Athumani aruke mistari kuzitafuta. Nawe Athumani, mdogo wangu, nakujua: msomee shemeji yako neno kwa neno, na pale ninapojitukana mwenyewe usipaze sauti jirani wakasikia.

Barua yako ilinifikia ikiwa imelowa pembe mbili, lakini maneno yalikuwa mazima. Nimesoma kwamba posa imepokewa, kwamba ndoa ya Zaina ni Mfunguo Mosi, na kwamba yeye alipoulizwa anataka nini alijibu neno moja: "Nataka baba aniozeshe kwa mkono wake." Mke wangu, nilimwacha mtoto huyo hana meno ya mbele. Leo anaolewa. Nilikunja barua nikaenda nyuma ya duka kukata kuni ambazo hazikuhitajika.

Nataka ujue kwa nini sikuondoka siku ileile, na ujue kwa kinywa changu kabla hujasikia kwa wapagazi, maana wao wataongeza chumvi, na habari hii ina chumvi ya kutosha.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba nimeachana na biashara ya nguo na shanga, nimeshika biashara ya baiskeli. Ulinijibu, "Mume wangu, wewe hata punda alikuangusha." Ulisema kweli. Lakini nilikuwa nimeshuka Bukoba na mizigo yangu yote ya kahawa, jasho la miaka zaidi ya kumi, na Mhindi mmoja wa pale bandarini akanikaribisha chai akanionyesha ghala lake. Baiskeli mpya zimesimama safu kwa safu kama askari. Akaniambia, "Bwana Shomari, huko Ulaya viwanda vimeunda baiskeli mpaka zimewashinda wenyewe. Kila mtu alifungua kiwanda, sasa wanunuzi wamekwisha na wenye viwanda wanalia. Kila meli ikija, bei imeshuka. Chukua tatu, peleka Karagwe, wewe ndiye utakuwa wa kwanza." Mimi nikasikia neno "wa kwanza" tu. Sikujiuliza kwa nini meli ijayo isishushe bei tena. Wala sikujiuliza kwa nini yeye mwenyewe, mwenye ghala zima la baiskeli mpya, alikuwa akipanda kuukuu aliyoinunua kwa padri, ina kiraka kwenye mpira na kengele isiyolia. Nilimwona kwa macho yangu akiipanda kwenda kwake kula, nikampungia mkono.

Basi nikatoa kahawa yote, nikachukua tatu mpya. Nyingine ya nne, kuukuu, alinitupia juu yake nipate chombo cha kutembelea, kama mwuza samaki anavyokutupia dagaa.

Nilipofika Bugene nikafanya kama tufanyavyo sisi watu wa pwani na kitu kipya. Nilizipaka mafuta zisishike kutu kwa ukungu wa huku, nikazivika shuka, nikazining'iniza darini. Mtu akitaka kuona, nafunua kidogo kama uso wa bibi harusi, kisha nafunika. Mtu asiguse! Na ile kuukuu nikawa naipanda mwenyewe kwenda Nyaishozi kununua maharagwe, kwenda Chonyonyo kutazama kahawa, na kurudi nikiisukuma, maana vilima vya huku ukimaliza kimoja ndipo unaona kwamba kilikuwa kinakificha kingine. Watu walikaa migombani kunitazama. Niliambiwa kuna waliokuwa wakiacha kulima wakisikia napita.

Miezi ikapita. Hakununua mtu hata mmoja.

Kuna mzee jirani yangu, Kamuhanda, Mnyambo mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, machache hayo yote makali. Siku moja alikuja akanipa kahawa ya kutafuna, ile buni wanayoichemsha na majani wakaikausha, ndiyo heshima ya huku, kisha akasema anataka baiskeli. Moyo wangu ukaruka mpaka Pangani. Nikapanda darini, nikashusha moja, nikaivua shuka yote. Inang'aa unaweza kujinyoa ndani yake. Akaizunguka. Akainama, akatazama chini yake.

"Imezaa mara ngapi?" akaniuliza.

"Mzee, hii ni baiskeli."

"Nimeona. Imezaa?"

"Ni mpya kabisa! Haijapandwa na mtu tangu ilipotoka Ulaya."

"Ndiyo hayo nisemayo. Huyu ni mtamba, hajazaa. Nani amemkamua? Nani ajuaye kama anapiga mateke?" Akanyoosha fimbo yake kuelekea kuukuu yangu iliyoegemea mgomba, kiti chake nimekishona kwa ngozi ya ng'ombe na usukani nimeufunga kamba. "Nipe ile. Ile nimeiona ikipanda kutoka Nyaishozi na mkungu wa ndizi mgongoni. Nimeiona ikianguka nawe mtoni, ikatoka, na wewe ukatoka nyuma yake. Hizi zako, waitu, zimefanya nini? Zimelala darini zinakula mafuta."

Waitu ndiyo kusema "bwana wangu" kwa heshima. Huyu mzee anaweza kukutia kofi kwa neno hilo.

Nilikataa. Unajua kwetu mtu akiuza kitu alichokitumia mwenyewe, mtaa mzima watasema amekwisha. Nilimweleza hivyo. Akacheka mpaka buni ikamtoka kinywani. Akaniambia huku ndivyo wanavyofanya wote: mtu hachukui ng'ombe asiyejulikana ndama wake wala maziwa yake; mtamba unampata kwa mahari au kwa zawadi, usipokuwa na la kuchagua. Ng'ombe wa kumfuata kwa miguu yako ni yule uliyekwisha kumwona akikamuliwa. Miaka kumi na miwili nimekaa na watu hawa, nimekula ndizi zao asubuhi, mchana na jioni, na jambo hilo hakuna aliyenificha. Ni mimi tu sikuuliza.

Barua yako ndiyo ilinivunja kiburi. Nilimwita Kamuhanda nikamwambia, chukua kuukuu. Siku ileile akaja na shemeji yake wanaizozania mbele ya duka langu, kila mmoja anasema aliiona kwanza ikianguka. Kamuhanda akaipata, akaniletea kahawa ya kunitosha nauli ya meli ya ziwani na gari la moshi mpaka Mombasa, na jahazi mpaka kwako.

Mwanaidi, hapo ndipo ilinipasa kufunga mzigo. Nimelilaza jambo hili kila upande, na kila upande linaniambia hivyohivyo. Lakini nilijiona ninaingia Pangani mikono mitupu, baba wa bibi harusi, hana hata doti la kumtandikia mwanawe, na wewe unaniangalia bila kusema kitu, ambayo ndiyo namna yako mbaya kuliko zote. Nikasema: kama kuukuu moja imefanya haya, basi nitazizeesha mpya zote tatu. Siku chache tu. Nizipande mwenyewe wazione.

Basi mumeo, mtu mzima mwenye mvi na kanzu, akaanza kazi ya kuchakaza mali yake. Ya kwanza niliipeleka Nyaishozi na kurudi siku ya mnada, mkungu wa ndizi nyuma, nimechagua njia ya matope. Kanzu yangu ilinaswa na mnyororo, ile uliyonidarizia kola. Kola imepona, sehemu nyingine zimekuwa matambara ya kufutia. Watu wakashangilia. Nikaifuta rangi kwa mchanga kidogo, nikaigonga hapa na pale kwa jiwe, huku roho inaniuma kama ninampiga mtoto. Wiki haikwisha, shemeji wa Kamuhanda akaichukua. Ya pili niliizungusha Chonyonyo mvuani, nikabeba mbuzi aliyekuwa akinilalamikia sikioni njia nzima. Nayo ikaenda, akaichukua mwalimu mmoja wa misheni, akaniambia, "Hii nimeiamini kwa sababu ya mbuzi."

Siku zile chache zilikuwa zimekwisha kuwa wiki nne. Ningeweza kuondoka na mbili. Nikasema, bado moja.

Ya tatu niliipakia gunia la maharagwe, nikaiteremsha kilima cha Bugene asubuhi ya umande. Nilishika breki, breki ikashika mpira, mpira ukashika matope, matope hayakushika kitu. Nilipita watu wanaokwenda shamba, nikawaamkia kwa adabu, maana sikuwa na la kufanya. Kisha nikaingia katika mibuni ya mtu. Mguu wa kulia umevunjika chini ya goti.

Kamuhanda ndiye aliyefika kwanza. Akaitazama baiskeli kabla yangu: gurudumu limepinda, rangi imetoka ubavu mzima. Akaiinua, akaizungusha, ikazunguka.

"Hii sasa imezaa," akasema. Halafu akanigeukia mimi niliyekuwa nalia kama mtoto. "Na wewe, waitu, umezaa. Pole ya uzazi."

Usimlaumu. Mzee huyohuyo alinibeba mgongoni, hakumwachia mtu mwingine, mpaka kwa mganga wao wa mifupa. Nimefungwa magango ya mti kwa kamba za mgomba, na wake zake wananiletea uji na kunicheka kwa zamu. Mganga anasema sitakanyaga chini kabla Ramadhani haijakwisha. Kutoka hapa mpaka Bukoba ni vilima, na kutoka Bukoba mpaka kwako ni majuma. Nimehesabu kwa vidole vya mikono na vya mguu mmoja. Sifiki.

Uliandika kwamba upande wa bwana harusi ni watu waungwana, wako tayari kungoja mpaka Mfunguo Tatu. Msingoje. Si kwa sababu ya mguu. Ni kwamba najijua. Mguu utapona, na asubuhi ya safari Kamuhanda atakuja kuniambia kuna mtu wa Kyerwa anataka baiskeli iliyokwisha kuzaa, nami nitasema siku tatu tu. Nimekwisha kuwaambia siku tatu mara nyingi mno, mke wangu. Mtoto asikalie ahadi yangu kama kuku asiye na mayai.

Ya tatu nimemwuzia Kamuhanda. Mapato yake na ya zile mbili yamo katika mzigo anaokuja nao Mwinyikombo, mfanyabiashara mwenzangu, ndiye mchukuzi wa barua hii. Yote ni ya harusi. Msinibakizie.

Athumani, ndugu yangu, hapa soma polepole:

Mimi Shomari bin Hamisi, baba wa Zaina, nikiwa na akili timamu na mguu mmoja, nimekuwakilisha wewe Athumani bin Hamisi umwozeshe binti yangu kwa niaba yangu, kwa mahari mliyokubaliana na kwa ridhaa yake. Neno lako siku hiyo ni neno langu. Mashahidi ni Mwinyikombo, na mwalimu wa chuo cha Kurani wa hapa Bugene, wametia majina yao nyuma ya karatasi hii.

Mwalimu alitaka nifute habari ya mguu mmoja. Anasema haifai katika maandishi ya sheria. Nimemwambia Zaina akisikia hiyo ndipo atajua hakika ni baba yake aliyeandika. Akatia jina.

Nisalimie shangazi yangu Bi Mkunde, umwambie sijaoa huku, aache kuulizia kwa wapagazi. Nisalimie mjomba wako mshona kofia, na mama mkwe wangu, mshike miguu kwa niaba yangu kwa vile mimi sasa na miguu hatupatani. Jirani yetu mvuvi mwambie nimemsamehe ule wavu. Na huyo kijana atakayekuwa mkwe wangu mpe salamu, umwambie sina la kumwusia, ila mtu akimwambia yeye ndiye wa kwanza, aulize wa pili yuko wapi.

Ombi langu kwako ni moja, mama Zaina. Athumani anapotamka "nimekuozesha", wewe kaa chumbani karibu na mwanangu. Mwenye kuandika barua yako asiniandikie wamekula wangapi wala nani alinuna. Aniandikie uso wa Zaina ulikuwaje. Aandike kirefu, nitakuwa nimelala chali, nina nafasi ya kusoma.

Ni mimi mumeo, niliyekaa mbali kupita kiasi,
Shomari bin Hamisi