Mpaka Niambiwe Endelea

Kwako Bibi mpenzi,

Shikamoo Bibi. Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, isipokuwa goti la kushoto limechunika, nalo nitakueleza lilivyochunika maana ni goti la heshima. Wasiwasi wangu ni juu yako. Mguu umeacha kukusumbua? Na yule kuku wako wa madoadoa, bado analala juu ya cherehani? Mwambie likizo nakuja, aanze kutafuta pa kulala. Huku Mama hajambo na anakusalimu sana. Mdogo wangu ameng'oka jino la mbele, sasa anapiga mluzi kwenye pengo kuanzia asubuhi, nyumba nzima hatuna raha. Mwanao naye hajambo, na yeye ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu.

Unajua Bibi nilivyoshangilia Baba alipohamishiwa shule yetu. Kumbe nilikuwa najipalia makaa. Muhula huu wamemfanya mwalimu wa nidhamu. Tulikubaliana kwamba tukivuka geti la shule yeye ni Mwalimu na mimi ni mwanafunzi kama wenzangu, na Baba akikubaliana jambo unamjua. Siku moja nilijisahau nikamwita Baba mbele ya darasa. Aligeuka akatazama nyuma yake, kama anayemtafuta huyo baba anayeitwa. Darasa lilicheka wiki nzima. Wanafunzi wamempa jina la Bwana Nukta, kwa sababu kila anachoamuru anakimalizia na neno hilo. Fungeni madirisha, nukta. Nami hulicheka jina hilo kama wenzangu, halafu nikifika nyumbani namchotea maji ya kuoga, roho ikinisuta kidogo.

Sasa sikia kilichotokea. Shuleni kwetu kuna desturi ambayo hakuna anayejua ilianza lini. Masomo yakiisha jioni, wasichana wanafagia madarasa na kupiga deki, wavulana wanakwenda uwanjani kucheza mpira. Tukimaliza deki, giza limeshaanza kuingia na mpira umeshafungiwa stoo. Mimi na rafiki yangu Twiga, anayeitwa hivyo kwa urefu wake, tumekuwa tukicheza mpira wa matambara nyuma ya jiko tangu tuko darasa la chini. Tukapata wasichana wengine, tukawa timu kamili, na Twiga akawa kipa ambaye hahitaji hata kuruka. Kilichokosekana ni uwanja tu. Bibi, sijui nikueleze vipi nilivyoutamani ule uwanja. Nilikuwa napiga deki huku nikisikia kelele za goli kupitia dirishani, na machozi yananilenga.

Basi tukatuma wajumbe kwa mwalimu wa nidhamu, nami nikiwa mmoja wao. Tuliomba kwa adabu zote kwamba wavulana nao wafagie, kazi iishe mapema, kisha sote tucheze kwa zamu. Baba alitusikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema sikio halizidi kichwa. Akatutoa nje, akatuonyesha ule ubao wa kanuni ulio ukutani kando ya ofisi, ambao rangi yake imepauka hata mijusi hawautaki. Akasema mwanafunzi anayetaka kubadilisha desturi aanze kwanza kwa kutii kanuni zilizopo, na akasoma moja kwa sauti: mwanafunzi akipitiwa na mwalimu asimame wima, asalimie, wala asiondoke mpaka aambiwe endelea. Akatuuliza nani kati yetu anaifuata. Akasema tukirudi tukiwa na nidhamu ndipo tutazungumza. Nukta.

Wenzangu walitoka wamenuna. Twiga alitaka tugome, tukatae kushika fagio. Mimi nikamwambia tusikatae chochote. Mwalimu ametaka kanuni, tumpe kanuni mpaka ashibe. Niliwaeleza mpango, wakavunjika mbavu kwa kucheka. Habari ilienea madarasa yote, na wavulana nao wakajiunga, wachache kwa kutuunga mkono na wengi kwa kukwepa hesabu.

Kesho yake mambo yalianza taratibu. Mwalimu wa jiografia alipita ukumbini, tukasimama wima, tukamwamkia, akaitikia marahaba akaenda zake. Sisi tukabaki pale pale. Hatukuwa tumeambiwa endelea. Mwalimu wa hesabu aliingia darasani akakuta madawati matupu, kwa sababu darasa zima lilikuwa limesimama uwanjani tangu alipolipita mwenyewe akielekea kuchukua chaki. Huku mmoja kasimama na ndoo ya maji, kule mwingine kainua mguu mmoja kwa sababu alikutwa akifunga kamba ya kiatu. Mpishi alitoka na mwiko kuulizia watoto wa kumsaidia kupakua, akawaona wamesimama mlangoni kwake, akauliza kama wamerogwa. Walimjibu kwa heshima kwamba wanatii. Wala hatukucheka, Bibi. Tulijikaza kisabuni. Na walimu hawakukumbuka neno lile hata mmoja, maana kanuni yenyewe walikuwa wameisahau kuliko sisi.

Siku hiyo ilikuwa zamu yangu kupeleka chai ya walimu. Nilifika mlangoni mwa ofisi na trei yangu, mwalimu wa historia akatoka akanipita. Nikasimama. Ndani, Baba alikuwa mezani akiingoja chai hiyo, na unajua mwanao bila chai ni mtu wa aina gani. Aliniona. Akangoja. Chai ikaanza kupoa, nzi akaja akatua kwenye sukari. Mwishowe akainuka, akaja mbele yangu, akaniuliza kwa nini siingii. Nikamwambia, "Mwalimu, sijaambiwa niondoke hapa."

Uso wake ulibadilika. Sijui nikuambie ulibadilika vipi. Akaitazama ile trei kama kwamba kuna kitu kingine amekiona badala ya chai. Kwa nini alishtuka hivyo nitakwambia, ila nivumilie kidogo, maana hapo ndipo na wewe unapoingia.

Muda huo huo Mkuu wa shule akarudi kutoka mjini. Ni mama mnene, mcheshi, lakini akikasirika hata kengele inajigonga yenyewe. Alikuta shule yake imesimama kama nguo zilizoanikwa. Aliuliza, akaelezwa. Akazunguka akisema endelea huku na endelea kule, lakini kila alipokomboa kundi moja, mwalimu mwingine alilipita likasimama tena. Mwisho akaketi kwenye ngazi akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kisha akatuita sote, akauliza tunataka nini. Twiga akasema yote, la fagio na la uwanja, bila kumkosea mtu adabu. Mkuu akasema hilo ni jambo la nidhamu, na mwenye nidhamu yuko, basi ataamua yeye na kutupa jibu kesho asubuhi.

Bibi, mwenye nidhamu tunakula naye meza moja. Hebu fikiria jioni yangu. Baba alirudi kimya, akaoga kimya, akaketi kula kimya. Hata mdogo wangu aliacha mluzi. Sikuogopa adhabu. Niliogopa kwamba nimemwaibisha baba yangu mbele ya watu na hataniangalia tena kama zamani. Nikawa nalibiringisha tonge lile lile sahanini. Ndipo Baba, bila kuinua macho, akaniuliza swali moja tu: siku ile kuku walikula mchele wote, au walibakiza?

Naam, Bibi. Sasa nakiri. Ile hadithi uliyonisimulia tukichambua maharage, ukanikanya nisiitoe nje kwa sababu penye kuku wengi hapamwagwi mtama, mimi nimeumwaga. Ile ya Baba alipokuwa mdogo, akaingia ndani na miguu ya matope, nawe ukamsimamisha mlangoni, ukamwambia asiondoke mpaka umwambie. Ukaenda kwa jirani, maongezi yakakunogea, ukamsahau. Kuku wakaingia wakaushambulia mchele wa wageni, naye akawa anawatazama tu, hakuwafukuza. Uliporudi ukafoka, akakujibu kwamba hajaambiwa aondoke pale. Mpango wote wa shule niliutoa hapo, na hata maneno niliyomwambia Baba na trei mkononi yalikuwa maneno yake mwenyewe.

Nikamjibu kwamba Bibi alisema walibakiza wa kutosha kuku wenyewe tu. Baba aliweka kijiko chini. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akapaliwa, Mama akawa anampiga mgongoni huku naye anacheka na kusema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilifurahi nikashindwa kula, lakini kwa sababu nyingine kabisa.

Asubuhi alitangaza kwamba kila darasa litafagiwa na wenye darasa, wavulana kwa wasichana, na uwanja utakuwa wa zamu. Kanuni ya kusimama inabaki, ila mwalimu atakayesahau kusema endelea atashika fagio naye. Nukta. Ungeona wavulana siku ya kwanza, Bibi. Mmoja alipiga deki akianzia mlangoni, akajifungia kwenye kona, ikabidi atokee dirishani. Mwalimu wa historia ameshafagia mara kadhaa.

Na jana tulicheza mechi yetu ya kwanza, dhidi ya wavulana. Twiga alidaka mipira ambayo hata mimi sikuamini. Kisha nikapata mpira, nikawapita wawili, goli liko mbele yangu, na hapo hapo Baba akapita pembeni mwa uwanja na madaftari kwapani. Nikasimama wima, mpira chini ya mguu, nikamwamkia. Wote wakasimama. Alinitazama, akautazama na mpira. Halafu akasema, mbele ya shule nzima, ndani ya geti, "Endelea, mwanangu."

Nisikudanganye, sikufunga. Nilipiga kwa furaha kupita kiasi, nikaanguka nikachunika goti, na mpira ukaingia jikoni, mpishi akakataa kuutoa mpaka tumsaidie kupakua. Lakini neno lile bado ninalo masikioni.

Nisamehe kwa kutoboa siri. Nisalimie jirani yako yule mwenye maongezi, maana bila yeye tungekuwa bado tunapiga deki peke yetu. Nisalimie na kuku wa madoadoa. Baba amenikuta naandika, ameketi hapa kando yangu, na ananiomba nikuulize kitu. Anasema siku ile, baada ya kumfokea, ulicheka mpaka ukakaa chini, lakini hakumbuki kama uliwahi kumwambia aondoke pale mlangoni. Anangoja jibu.

Ni mimi mjukuu wako,
mshambuliaji