Saba Iko Wapi?

Mama mpendwa,

Natumaini mguu umeacha kukusumbua na hapo Matinyani mvua imefika, hata kama ni ile ya kudanganya. Naandika kwa mkono kwa sababu simu hizi sijui nani anasikiliza. Mimi huku Arabuni ni mzima, lakini nilikaribia kuletwa nyumbani nikiwa kwenye sanduku.

Unajua kazi yangu ni kupiga mbizi chini sana, kwenye meli iliyozama. Kutoka huko hatupandi moja kwa moja. Tunasimama njiani, maana ukipanda haraka damu inafanya povu kama soda iliyotikiswa, na unaweza kufa. Dakika za kusimama zinahesabiwa na kompyuta ndogo tunayovaa mkononi kama saa. Sijawahi kuiamini. Inanihesabia uhai wangu bila kunionyesha hesabu! Kwa hivyo mimi hupanga kila kitu kichwani kabla ya kuingia majini.

Wiki jana tulishuka wawili, mimi na mwenzangu Mutiso wa Kambu. Naye simwamini sana, si wajua watu wa barabara ya Mombasa walivyo wajanja. Kwenye kituo cha mwisho kompyuta yangu ikazima. Mama, nilifurahi. Si nilisema! Mpango wangu ulikuwa dakika tisa, nikazihesabu polepole kimoyomoyo. Nilipofika tisa nikaanza kupanda. Mutiso akanishika mguu, akainua kidole kimoja: bado dakika moja. Kompyuta yake ni ya duka lile lile ilikotoka yangu, na hewa yangu ilikuwa inaisha. Nilidhani anataka kuniua. Nilimpiga teke, hakuniachilia mpaka ile dakika ikaisha.

Tulipofika juu alikuwa amekasirika. "Hebu hesabu nisikie."

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, nane, tisa."

"Na saba iko wapi, Kyalo? Hiyo si hesabu, hiyo ni mamako anasuka kiondo!"

Niliona aibu. Ni kweli, ukisuka kiondo, mistari yako hutoka sita ikaenda nane, kwa sababu saba, ile tunayoiita muonza, ina mkosi, hata mchungaji aseme nini. Sikujua nimeibeba mpaka huku. Sasa kompyuta siiamini, Mutiso bado namchunguza, na kichwa changu ndicho ninachokiogopa zaidi.

Nisalimie dada mkubwa huko Kitui mjini, na mjomba fundi wa baiskeli.

Mama, nisokotee uzi wa mkonge wenye mafundo tisa, niuvae kando ya kompyuta. Najua mkono wako, kwa hivyo naomba mapema: ukifika fundo la saba usiliruke. Lifunge, ulitaje kwa sauti, hata kama ni ndani ya nyumba, mlango umefungwa, asisikie mtu.

Ni mimi mwanao,
Kyalo